Samaki Wakubwa Ndio Waliokufa

Asubuhi moja ya Julai 1977, samaki walielea kwenye bwawa la shamba la kahawa tulikokuwa tukiishi, nje kidogo ya mji wa Ruiru. Nilikuwa na miaka 9. Niliamshwa na makelele ya wanawake waliotangulia kuteka maji, nikakimbia miguu mitupu hadi ukingoni. Tilapia walikuwa wamelala ubavu, matumbo meupe yakitazama juu, midomo wazi. Wengine walikuwa wakubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Hakuna aliyethubutu kuokota hata mmoja.

Mlinzi wa bwawa alikuwa guka wangu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayevua wala kuoga humo usiku, na vifaa vyake vilikuwa vitatu: koti zito la mtumba, rungu na kandili. Nyapara alipofika, na meneja nyuma yake ndani ya Land Rover, hawakuuliza samaki wamekufaje. Waliuliza nani kawaua.

Inafaa msomaji akumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa. Jalidi iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kote, na kufikia 1977 kahawa ilikuwa dhahabu. Kule mpakani na Uganda watu walitajirika kwa magendo ya Chepkube. Shambani kwetu mbolea ilimwagwa kwa pupa, magunia yalihesabiwa mara mbili, na stoo ya dawa ilitiwa kufuli mbili. Kila kibarua alionekana mwizi ambaye hajashikwa bado.

Nyapara akaniona nimesimama pembeni. "Wee kijana, kuja hapa. Jana jioni guka yako alienda bwawani na nini?"

"Na chupa," nikasema.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa chupa ya mafuta ya taa, ya kujazia kandili. Lakini hakuna aliyeniuliza ndani mlikuwa na nini, nami nikanyamaza, kwa sababu niliogopa lile Land Rover, na kwa sababu swali nililoulizwa nilikuwa nimeshalijibu.

Guka alijitetea kwa maneno machache. Alinyoosha rungu kuelekea kwenye nyasi za ukingoni. "Tazameni. Waliokufa ni wakubwa. Wadogo wale pale, wako hai. Na vyura wamelia usiku kucha. Sumu haichagui."

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia akabidhi koti. Kufikia saa sita mchana tulikuwa barabarani na godoro moja, masufuria na kuku wawili, tukielekea Thika kwa jamaa. Guka hakupata tena kazi ya shamba, maana habari za namna ile huvuka ua haraka kuliko mtu. Aliuza miwa karibu na stendi ya Thika hadi uzee ukamshinda. Tulimzika 1989. Katika miaka hiyo 12 hakuwahi kuniuliza habari ya chupa.

Mwaka uliofuata nilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta nikisomea ualimu wa kemia na biolojia. Mhadhiri alikuwa akieleza namna ya kutambua kwa nini samaki wamekufa bwawani. Alisema: maji yakiishiwa oksijeni, samaki wakubwa hutangulia kufa, kwa kuwa miili yao inahitaji hewa nyingi, nao wadogo husalimika kwa kuvuta maji ya juu kabisa, yale yanayogusana na hewa. Sumu kali kwa kawaida huua wakubwa na wadogo, pamoja na wadudu wa majini na viluwiluwi. Niliacha kuandika. Mhadhiri alikuwa akisoma kutoka kitabuni maneno ya mtu ambaye hakuwahi kwenda shule.

Tangu hapo nimefundisha Thika miaka 30 na kitu, na nimekuwa nikifuatilia historia ya swali moja: binadamu walijuaje kwamba maji hupumua? Nililifuatilia kwa ajili ya wanafunzi, ndivyo nilivyojiambia.

Historia hiyo inaanzia mbali na maziwa yetu. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley alifunika mshumaa kwa chombo cha kioo ukazimika, kisha akaweka tawi la mnanaa katika hewa ile ile iliyochafuka. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa. Shida ni kwamba majaribio yake mengine yalikataa, na hakujua sababu. Aliyeijua ni daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz. Katika kiangazi cha 1779, karibu na London, alizamisha majani katika maji na kuyaweka juani. Viputo vikatoka. Alipoyaweka kivulini viputo vilikoma. Usiku, majani yale yale yaliyosafisha hewa mchana yaliichafua. Kitabu chake kilitoka mwaka huo huo, na ndani yake mlikuwa na kiini cha mambo yote nitakayoeleza hapa: kitu kibichi ndani ya maji kina kazi ya mchana na kazi ya usiku, na mtu akikichunguza mchana peke yake atakijua nusu.

Kazi ya mchana ndiyo wanafunzi wangu huiandika kwenye mtihani: usanisinuru. Mwani, yale majani madogo mno yanayofanya maji yawe ya kijani, huchukua kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini, hutumia nguvu ya jua kutengeneza sukari, na hutoa oksijeni. Kazi ya pili ni upumuaji, na hii haina likizo. Mwani, samaki, bakteria na minyoo ya topeni huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi saa 24. Mchana kwenye jua, utengenezaji hushinda matumizi. Jua likizama, watumiaji hubaki peke yao.

Sasa tazama hewa hiyo inavyobadilisha kemia ya maji. Kaboni dioksidi ikiyeyuka hufanya asidi dhaifu, ile ile inayowasha ulimi ukinywa soda. Mwani ukiivuta, asidi hupungua, na maji huelekea kwenye besi. Ikiisha kabisa, mwani huanza kuinyang'anya bikaboneti iliyomo majini, na kipimo cha pH hupanda zaidi. Usiku kila kiumbe hurudisha kaboni dioksidi, na pH hushuka tena. Kwa hiyo bwawa moja, bila mtu kulitia chochote, linaweza kuwa besi saa tisa alasiri na kuwa karibu na katikati saa kumi na moja alfajiri. Tofauti hiyo ina uzito. Mkojo na uozo hutoa amonia. Katika maji yenye pH ya 7 karibu yote huwa katika umbo lisilodhuru sana. pH ikifika 9 na ushei, kama nusu yake hugeuka kuwa ile inayounguza mashavu ya samaki. Uchafu ni ule ule, madhara yanategemea saa.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Hewa tunayovuta ina asilimia 21 ya oksijeni. Maji ya nyuzi 20 katika usawa wa bahari hushika takribani miligramu 9 tu kwa lita. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu maji ya joto hilo hushika kama miligramu 7 na nusu. Samaki wa kwetu anaanza usiku akiwa na akiba ndogo.

Lakini mtu atapimaje hewa iliyojificha ndani ya maji? Jibu lilipatikana Budapest mwaka 1888, kwa Lajos Winkler. Alitia madini ya manganizi ndani ya chupa ya maji pamoja na chumvi ya aidini (iodidi) na alkali. Kama maji yana oksijeni, uchafu unaoshuka chini huwa wa kahawia. Kama hayana, hubaki mweupe. Kisha unatia asidi na kupima aidini iliyoachiliwa, kwa ile ile taitresheni ambayo kila mtahiniwa wa kemia nchini Kenya ameifanya mikono ikitetemeka. Hadi leo njia hii hutumika kuhakikishia vipimo vya umeme.

Mwaka 1927 Torbjørn Gaarder na Haaken Gran walichapisha matokeo ya jaribio la chupa mbili katika ghuba ya Oslo. Chupa zote mbili zinajazwa maji yale yale. Moja inaachwa wazi kwa mwanga, nyingine inafunikwa isipenye nuru, na zote zinarudishwa majini. Baada ya saa kadhaa unazipima kwa njia ya Winkler. Oksijeni iliyopungua katika chupa ya giza ni upumuaji, na tofauti ya chupa hizo mbili ni usanisinuru. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliona aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Chupa, kumbe, inaweza pia kumtetea mtu.

Miaka hiyo hiyo wataalamu walikuwa wanaanza kuyaingilia maziwa yetu. Michael Graham alichunguza uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928. Penelope Jenkin alikuja kwenye maziwa ya Bonde la Ufa mwaka 1929. Mwaka 1930 na 1931 Msafara wa Cambridge, akiwemo Barton Worthington na Leonard Beadle, ulizunguka maziwa ya Kenya na Uganda. Beadle alichapisha kemia ya maji hayo mwaka 1932, na baadaye akawa profesa Makerere. Majina ya waliopiga makasia na kushika chupa zile hayakuingia kwenye vichwa vya makala.

Kazi ya msafara ina mpaka wake. Msafara hufika, huchota, huandika, huondoka. Chupa iliyojazwa saa nne asubuhi inaeleza saa nne asubuhi. Ndiyo maana kazi ya Jack Talling wa Uingereza ilikuwa ya aina nyingine. Mwaka 1960 na 1961 alikaa na Ziwa Victoria, akifanya kazi kutoka kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, akarudi mahali pale pale majira baada ya majira na kupima usanisinuru, oksijeni na mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini. Mwaka 1965 yeye na mkewe Ida walichapisha uchunguzi mpana wa kemia ya maziwa ya Afrika. Vipimo hivyo vimekuwa kama picha ya ujana wa ziwa. Robert Hecky na wenzake waliporudi kupima, walionyesha mwaka 1994 kwamba maji ya kina kirefu ya Victoria yalikuwa yakikosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi kuliko enzi ya Talling, na ukosefu huo ulikuwa umepanda kuelekea juu. Mbolea, mmomonyoko wa udongo na maji taka yalikuwa yameulisha mwani kupita kiasi. Mwani mwingi hutoa oksijeni nyingi juu mchana. Ukifa huzama, na kule chini bakteria wanaouozesha huimaliza hewa yote.

Maziwa hayafanani, na hili nalo huwachanganya watu. Ziwa Nakuru lina pH ya 10 hivi, na akiba kubwa mno ya kaboneti na bikaboneti. Mwani wa spirulina, chakula cha flamingo, unaweza kufanya kazi mchana kutwa na pH isisogee sana, kama vile mtu akichota ndoo baharini. Mabwawa yetu ya Ruiru na Thika ni kinyume chake. Mito inayoyalisha hutoka Nyandarua, maji yake ni laini, sabuni hutoa povu upesi, akiba ya bikaboneti ni ndogo. Mwani ukivuta kidogo tu, pH inaruka.

Kwa hivyo nilipojifunza haya yote, niliirudia Julai 1977 kichwani, hatua kwa hatua. Mbolea ya mwaka wa bei nzuri iliteremka na mvua za masika hadi bwawani, na mwani ukanenepa. Mfereji wa kiwanda cha kumenyea kahawa ulipita juu ya bwawa, na maji ya kumenyea kahawa yana sukari inayoalika bakteria wasio na hesabu. Kisha ikaja baridi ya Julai. Mtu yeyote aliyewahi kuishi kati ya Ruiru na Thika anaijua: mbingu ya kijivu kuanzia Juni mpaka Agosti, siku tatu nne bila kuliona jua, na mvua hainyeshi. Mwani bila jua hautengenezi oksijeni, ila unaendelea kuitumia. Usiku wa baridi maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na hewa. Kufikia alfajiri wanaokufa kwanza ni wale wakubwa.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepima maji ya siku ile. Lakini ushahidi ulikuwepo, nao ulitolewa na mtu pekee aliyekuwa macho usiku mzima. Alikuwa amesikia vyura. Alikuwa amewaona samaki wadogo. Dhidi yake palikuwa na neno moja la mtoto.

Shauri la namna hii halikuisha na guka. Mwaka 1984 samaki walikufa kwa wingi katika Ghuba ya Nyanza, na Mkenya Peter Ochumba, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1990, alieleza uhusiano wa vifo hivyo na upungufu wa oksijeni. Wakati mwingine sumu huwa kweli: mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa dawa za kuulia wadudu. Na kwa kuwa huwa kweli wakati mwingine, neno sumu ndilo hutangulia kila mara. Mapema 2021 sangara wakubwa walipoelea upande wa Uganda na wa Kenya, uvumi wa sumu ulienea kabla ya serikali ya Uganda kusema ni oksijeni iliyopungua baada ya dhoruba kuchanganya maji. Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba karibu na Kisumu walipoteza mali nyingi, na huko pia watu walitafuta mkono wa mtu.

Nayaandika haya kwa sababu ya Julai mwaka jana.

Shamba lile la kahawa halipo tena. Mibuni iling'olewa, ardhi ikakatwa ploti, kama ilivyotokea kwa mashamba mengi ya upande huu. Tatu City nayo inainuka juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Bwawa lilibaki katikati ya nyumba za kupangisha, na chama cha wakazi kikapandikiza tilapia humo na kuajiri mlinzi, kijana aliyetoka magharibi. Baada ya siku nne za mawingu, picha zilianza kuzunguka kwenye simu: matumbo meupe, midomo wazi. Chini ya picha mtu aliandika, "Sumu hiyo." Mwingine, "Askari amekula pesa ya mtu." Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi pale alinitumia picha hizo akiuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Nilitazama ukubwa wa samaki. Nikapanda matatu ya Ruiru kesho yake.

Nilibeba vitu vya maabara ya shule: chupa zenye vizibo, dawa za Winkler, na kichupa cha fenofthalini, ile dawa ya matone isiyo na rangi ambayo hugeuka waridi maji yakiwa besi ya kutosha, yaani pH inapopita 8 na kitu. Jua lilikuwa limetoka siku hiyo. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mfanyabiashara, alikuja na wakazi saba hivi. Mlinzi alikuwa amesimama nje ya lango. Alikuwa amesimamishwa kazi, ila hakuwa na pa kwenda.

Saa tisa alasiri nilichota maji ya juu. Yalikuwa ya kijani kama supu ya mchicha. Nikadondosha matone mawili, yakawa waridi. "Si mnaona? Ni dawa hiyo!" akasema mmoja. Nikamwambia angoje alfajiri. Akacheka: ati nani ataamka saa hizo?

Aliyeamka ni mlinzi, mwanafunzi wangu na mwenyekiti mwenyewe, amejifunga leso juu ya koti. Saa kumi na moja alfajiri nilichota mahali pale pale. Matone mawili: maji hayakubadilika rangi. Nikatia dawa za Winkler. Chupa ya alasiri ilikuwa imeshusha uchafu wa kahawia iliyokolea. Hii ya alfajiri ilikuwa karibu nyeupe. Mlinzi alimulika tochi ukingoni, na kwenye mwanga wake tukaona midomo midogo mingi ikigusa uso wa maji, ikifunguka na kufumba.

"Ni nini wanafanya?" mwenyekiti akauliza.

"Wanatafuta hewa, mama. Hawa ni wadogo, wanatosheka na hiyo ya juu."

Niliwaambia ukweli wote. Kwamba rangi ya matone haiwezi kuthibitisha kuwa hakuna sumu, na kama wana shaka wapeleke maji na samaki kwenye maabara ya serikali. Kwamba lakini bwawa lenye midomo ile saa kumi na moja halihitaji adui. Na kwamba bomba la maji machafu linalotoka nyuma ya nyumba tatu za karibu, ambalo kila mtu alikuwa akilitazama na kulipita, ndilo linalolisha mwani. Kuhusu bomba hawakusema neno. Kuhusu mlinzi, mwenyekiti alifikiri kidogo akasema, "Basi arudi kazini. Lakini siku alizokosa hatutalipa."

Tulibishana hadi jua likatoka. Akakubali kulipa nusu.

Kijana yule alinifuata hadi barabarani. "Mwalimu, niandikie kwenye karatasi. Saa ngapi, rangi gani, kila kitu. Na uweke stempu, hawa watu husahau." Sikuwa na stempu. Nilimwandikia saa, rangi na majina ya waliokuwepo, la kwake kwanza, nikatia sahihi.

Jioni nilipita kwa mama, Thika. Ni binti wa guka, na siku ile ya 1977 ndiye aliyebeba godoro kichwani. Nilimweleza habari ya bwawa, kisha nikamwambia lile nililokuwa sijamwambia kwa miaka zaidi ya 40: kwamba aliyetaja chupa nilikuwa mimi, na kwamba nilijua ilikuwa ya mafuta ya taa.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. "Alijua," akasema. "Alikusikia. Alisema mtoto alijibu alichoulizwa, wakubwa ndio hawakujua kuuliza."

Tukakaa kimya. Halafu akainua macho.

"Na hao wadogo wa leo, walikuwa hai?"

"Walikuwa hai, mama."